Grafu Zinazosogea: Saa, Vivuli na Maneno ya Muyinga na Gitega

Yumkini baadhi ya wasomaji watastaajabu kuona hesabu zimeingia katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hujadili ngeli, ushairi na njia za kufundisha ufahamu. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili katika Burundi huulizwa mambo mengi yasiyokuwamo katika mtaala wake, na swali tutakalolieleza hapa tuliulizwa kwanza Muyinga, kisha miaka kadhaa baadaye tukaulizwa tena Gitega, kwa maneno karibu yale yale, na wanafunzi ambao hawajapata kuonana. Swali lenyewe ni hili: “Bwana mwalimu, mbona ukitoa tatu grafu inakwenda mbele, na ukijumlisha tatu inarudi nyuma?”

Kwa faida ya wale walioachana na hesabu zamani, tulieleze jambo lenyewe kwanza. Fanksheni ni kanuni itoayo jibu moja, wala si mawili, kwa kila namba inayoulizwa. Tukichukua kanuni ya kuzidisha namba kwa yenyewe, tukiiuliza 2 hutujibu 4, tukiiuliza 3 hutujibu 9, na tukiiuliza 0 hutujibu 0. Maulizo tunayapanga juu ya mhimili wa ulalo, majibu tunayapima kwa mhimili wa wima, na nukta zote zikiungana twapata mpindo wenye umbo la bakuli, ambao vitabu huuita parabola. (Neno mpindo tunalitumia hapa kwa kila mstari wa grafu usionyooka, mwenye neno bora na atuletee.) Chini kabisa ya bakuli ni pale penye 0. Sasa mwanafunzi aambiwapo achore y = x² + 3, hapati taabu: kila jibu limeongezwa tatu, basi bakuli limepanda hatua tatu. Lakini aambiwapo achore y = (x − 3)², mkono wake huenda kushoto, kwa kuwa ameona alama ya kutoa, na kutoa kwake ni kurudi nyuma. Kumbe bakuli huenda kulia. Chini yake sasa ni pale penye 3, maana ni 3 ndiyo ambayo ikitolewa tatu hubaki 0.

Maelezo hayo ya mwisho ni sahihi, na aghalabu ndiyo yatolewayo darasani. Lakini tumeona mara nyingi kwamba hayamridhishi aulizaye. Huyakubali kama msafiri akubalivyo amri ya forodha: hupita, wala asijue kwa nini ametakiwa kuvua viatu.

Swali hilo lilitufikia sisi, badala ya kumfikia mwalimu wa hesabu, kwa sababu ya lugha. Kiswahili kiliingia katika nchi hii pamoja na misafara ya biashara, na baadaye pamoja na utawala wa Wajerumani, ambao walijenga boma lao Gitega mwaka 1912. Tangu hapo kimekaa mijini, sokoni na katika mitaa ya Waislamu, kikipakana na Kirundi ambacho ni lugha ya kila mtu. Katika miaka ile ile ambayo Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani 2007, Kiswahili kilipewa nafasi katika shule za msingi pamoja na Kiingereza. Hesabu, hata hivyo, hufundishwa kwa Kirundi katika madarasa ya mwanzo, na baadaye kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi hujifunza kuchora grafu kwa utaratibu wa Kifaransa, ambao sisi twauheshimu: kwanza hutafuta ni namba zipi ziwezazo kuulizwa, halafu kama grafu ina ulinganifu, halafu yaelekea wapi huko mbali, halafu hukokotoa mahali ipandapo na ishukapo na kuyapanga yote katika jedwali, ndipo achore. Wenzetu wa Tanzania, waliorithi vitabu vya Kiingereza, hupenda zaidi kuanza na grafu moja inayojulikana, kisha kuisogeza, kuipindua na kuinyoosha. Mtoto wa Muyinga mwenye binamu yake Ngara huyaona madaftari ya aina zote mbili, na asipopata wa kumwambia kwamba ni jambo moja, hudhani ni mawili.

Huko Muyinga tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye jina lake hatutalitaja. Mama yake alikuwa akiuza vitenge Kobero, kwenye mpaka wa Tanzania, na yeye alikuwa amelelewa kwa Kiswahili nyumbani. Katika somo la hesabu alikuwa bubu. Akiitwa ubaoni alisimama na chaki mkononi mpaka akaambiwa aketi. Karatasi zake zilikuwa na michoro mizuri isiyo na neno hata moja la maelezo, na kwa kuwa maelezo ndiyo yachukuayo alama nyingi, baraza la walimu lilikuwa karibu kuamua ahamishwe kutoka mchepuo wa sayansi. Jambo hilo si dogo. Kwa msichana wa hali yake, kutolewa humo ni kufungiwa mlango wa uuguzi na wa ufundi, na tumewaona wengine ambao kwao ilikuwa ni hatua ya kwanza ya kurudishwa nyumbani. Mwalimu wa hesabu, mtu mwadilifu, hakupenda kupiga kura kabla ya kujua kama binti huyu haelewi au hasemi tu. Akatuomba tukae naye alasiri mbili, tumsikilize kwa Kiswahili.

Alasiri ya kwanza alituuliza lile swali. Badala ya kumjibu tulimwuliza habari za mama yake.

“Mama hufungua meza yake saa ngapi?”

“Saa mbili, bwana mwalimu.”

“Saa mbili ya wapi?”

Akacheka. “Saa mbili ya kwetu. Upande wa pili wanasema ni saa tatu.”

Msomaji asiyepata kupita Kobero na aelezwe kwamba saa za Burundi ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja kamili. Forodha ya Kobero na ile ya Kabanga hutazamana, jua lao ni moja, mvua yao ni moja, lakini anayevuka kwenda Tanzania husogeza mshale wa saa yake mbele. Tulimwambia basi achore grafu ya wateja wa mama yake: saa mbili hakuna mtu, saa nne meza imezungukwa, saa sita wamepungua. Akachora kilima chenye kilele penye 4. Tukamwambia achore wateja hao hao kwa saa ya Tanzania. Bila kusita akachora kilima kile kile, kilele chake penye 5. Kilima kimekwenda kulia hatua moja.

“Sasa,” tukasema, “akija mtu wa Kabanga, amevaa saa yake ya Kabanga, akataka kujua kwa mchoro wako wa kwanza mezani kuna watu wangapi, afanyeje?”

“Atoe moja kwanza, ndipo aangalie.”

Kisha akanyamaza, akautazama mchoro kwa kitambo, akasema: “Kumbe kutoa ni kwa ajili ya kurudi kwenye mchoro wa zamani.”

Hatujapata kusoma katika kitabu chochote, cha lugha yoyote, sentensi iliyoeleza jambo hili kwa ufupi kuliko hiyo. Alama ya kutoa iliyo ndani ya mabano si amri inayopewa grafu. Ni kazi anayofanya muulizaji kabla ya kuuliza. Grafu mpya iko mbele kwa hatua moja, kwa hiyo anayesimama kwenye grafu mpya hana budi kurudi nyuma hatua moja ili akutane na ile ya zamani. Ndiyo sababu kuongeza nje ya mabano hupandisha, maana kule jibu limekwisha kutolewa na sisi tumeliongezea; lakini kuongeza ndani ya mabano hurudisha nyuma, maana kule bado tunalitengeneza ulizo. Mwandiko huu wa f(x), ambao Leonhard Euler aliutumia katika miaka ya 1730 na ambao umebaki hadi leo, unalificha jambo hilo kwa ufupi wake. Ukisomwa kwa Kiswahili, “jibu la f kwa ulizo x”, hudhihirika: kuna ulizo na kuna jibu, na kila kimoja kina mlango wake.

Alasiri ya pili tulikuwa watatu, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikuja kusikiliza. Alimpa y = (x + 2)² − 5 na kumwambia aeleze kwa lugha aipendayo. Alieleza kwa Kiswahili, kwa utulivu, akisema kwamba muulizaji ameongezewa mbili kwa hiyo bakuli limemtangulia nyuma, na kwamba kila jibu limepunguzwa tano kwa hiyo bakuli limezama. Chini yake, akasema, ni penye −2 na −5. Mwalimu alikwenda barazani na kupinga uhamisho, naye akabaki. Tusiwaficheni wasomaji kwamba hadithi haikuwa nyepesi baada ya hapo: mtihani ulikuwa wa Kifaransa na mwaka ule aliendelea kupoteza alama za maelezo, ijapokuwa si nyingi kama zamani. Lakini alihesabiwa tena kuwa mwanafunzi anayefikiri.

Jambo hilo lilitufanya sisi tuitazame lugha yetu upya. Tulizoea kufundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa mifano ya kupika na kulima: pika, pikia, pikisha, pikiwa. Ubao wa hesabu ulitupa mfano uliotuzidi ukali. Wanafunzi husema, “grafu imesogea.” Tukiuliza, “imesogea au imesogezwa?” darasa huamka. Imesogezwa na nani? Na je, ni grafu iliyosogezwa, au ni mhimili? Katika mfano wa Kobero meza ya vitenge haikuhama hata shubiri. Kilichohama ni namba zilizoandikwa chini yake. Mtu wa Kabanga amesogeza namba zake, na kwa macho yake ni kilima kilichosogea. Kauli ya kutendesha na ile ya kutendwa, ambazo katika zoezi la kawaida hujazwa kwenye mapengo kwa usingizi, hapa zinabeba hoja nzima.

Na kuna saa nyingine ambayo kila asemaye Kiswahili huivaa bila kuiona. Mzungu huhesabu saa tangu usiku wa manane na tangu mchana kati. Sisi huhesabu tangu macheo na tangu machweo. Kirundi nacho huhesabu kwa namna hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Burundi husikia kengele ya shule, akiambiwa kwa Kifaransa ni saa nane, na kichwani mwake inalia saa mbili. Amefanya utoaji wa sita kabla hajafika mlangoni. Ukimpa grafu iliyochorwa kwa saa za Kifaransa na kumtaka aichore kwa saa za Kiswahili, kila kitu huenda kushoto hatua sita, na kanuni yake huandikwa f(x + 6): ili apate saa ya Kifaransa ya mchoro wa zamani, hana budi kuongeza sita. Kobero hutoa mfano wa alama ya kutoa, na saa ya Kiswahili hutoa mfano wa alama ya kujumlisha. Sioni, au tuseme hatuoni, mahali pengine ambapo mtoto wa miaka kumi na sita hufanya mageuzo mawili ya namna hii kila siku bila kulipwa alama.

Tulipohamia Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi, swali lilikuja tena, na safari hii tulikuwa tayari. Hapakuwa na mpaka wa kutusaidia. Palikuwa na jua.

Gitega iko karibu digrii tatu na nusu kusini ya Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, kama Machi 12 na tena kama Oktoba 1, jua hupita juu ya utosi kabisa, na kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli. (Muyinga, iliyo kaskazini zaidi, tarehe zake ni Machi 13 na Septemba 30.) Kabla ya siku ile ya Oktoba tuliwaambia wanafunzi wabuni kwanza: wachore kimo cha jua kwa digrii, tangu macheo hadi machweo. Wote, bila kumsaza hata mmoja, walichora bakuli lililofunikwa. Ni kawaida, aliyefundishwa parabola huiona kila mahali, kama mtoto aliyepewa nyundo.

Kisha tukatoka uani na kijiti cha mita moja, timazi na kipimapembe. Oktoba ina afadhali kuliko Machi, ambao ni mwezi wa mvua na mawingu. Nukta zilipopangwa hazikutoa bakuli lililofunikwa. Zilitoa paa la nyumba: mstari ulionyooka ukipanda, ncha kali juu, na mstari ulionyooka ukishuka. Sababu yake ni kwamba katika siku hiyo, mahali palipo karibu na Ikweta namna hii, jua hupanda wima kwa digrii 15 kila saa, wala halipunguzi mwendo likaribiapo kileleni. Saa tatu kimo ni digrii 45, saa nne 60, saa tano 75, saa sita 90. Mwezi wa Juni si hivyo: jua la Gitega halifiki hata digrii 64, na kilele cha grafu yake huwa mviringo.

Paa hilo ni zawadi kwa mwalimu. Wanafunzi wanaijua fanksheni iitwayo thamani bila alama, iandikwayo |x|, ambayo huchukua ukubwa wa namba na kuiacha alama yake; grafu yake ni kama herufi V, ncha yake chini penye 0. Ili V hiyo iwe paa letu yatakiwa mambo manne. Ipinduliwe, iwe −|x|. Iwe kali zaidi mara kumi na tano, iwe −15|x|. Isogezwe hadi mchana kati, ambao kwa saa ya Kifaransa ni 12, iwe −15|x − 12|. Ipandishwe digrii 90, iwe 90 − 15|x − 12|. Kwa saa ya Kiswahili kanuni huwa nzuri zaidi, 90 − 15|x − 6|, ambayo huanza 0, hupanda mpaka saa sita na kurudi chini saa kumi na mbili, kama kwamba waliobuni saa yetu walikuwa na grafu hiyo mbele yao. Upande wa Kabanga ncha huangukia saa saba. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini shangazi yake wa Ngara hupika chakula cha mchana kwa kuchelewa, hatukumpinga.

Lakini yaliyotufurahisha zaidi ni yale yaliyokataa kutii. Kwa hesabu yetu, saa tatu kamili asubuhi kivuli cha kijiti kilipaswa kuwa na urefu wa kijiti chenyewe, sentimita 100. Vipimo vilikuwa karibu na 92. Wanafunzi walisema kijiti kimeinama. Timazi ikasema hakikuinama. Wakasema saa ni mbovu; tukalinganisha na redio. Ukweli ni kwamba jua la siku ile hufika utosini kama dakika 10 kabla ya saa sita. Saa ya Burundi imewekwa kwa kufuata mstari wa digrii 30 mashariki, ambao hupita kati ya Gitega na Muyinga, kwa hiyo hatuwezi kuulaumu umbali. Jua lenyewe halishiki saa: dunia hulizunguka katika njia isiyo duara kamili, nayo imeinama, na kwa sababu hizo mbili jua huwahi kwa dakika kama 16 mwanzoni mwa Novemba na huchelewa kwa dakika kama 14 katikati ya Februari. Mwezi wa Machi, paa lile lile huwa limesogea kulia kwa dakika 10, na kivuli cha saa tatu hufika karibu sentimita 109. Umbo halibadiliki hata kidogo. Anayepima Machi hutoa dakika 10 katika saa yake, anayepima Oktoba huongeza 10, ndipo wote wawili waulize paa moja.

Kivuli nacho kina grafu yake, na tungekuwa na nafasi tungeandika juu yake peke yake. Saa mbili kivuli cha mita moja ni kama sentimita 173. Saa moja ni 373. Na ukirudi kuelekea macheo hurefuka bila kikomo, hutambaa juu ya ukuta wa shule na kupotea bondeni. Kuna mstari wa wima penye macheo ambao mpindo huukaribia wala hauufikii. Vitabu huuita asimptoti. Wanafunzi wetu huuita ukuta, na wanaposema ukuta tunajua wameuona. Kijana mmoja wa mtaa wa Waswahili alitukumbusha jambo tulilolijua bila kulitumia: babu yake huijua alasiri kwa kivuli, kwa kuwa wakati wa sala hiyo huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kuondoa kivuli cha adhuhuri. Siku ya jua la utosi kivuli cha adhuhuri hakipo, basi alasiri ya babu na digrii 45 za mwalimu wa hesabu hukutana, na ukizikunja saa tatu na saa tisa juu ya saa sita hulaliana kama kurasa mbili za kitabu. Darasa zima liliuelewa ulinganifu siku hiyo, Waislamu na Wakristo.

Kwa habari ya kuzidisha, tuliitumia ngoma. Karibu na Gitega kipo Gishora, nyumbani kwa ngoma za kifalme ambazo mwaka 2014 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Mpigaji akiongeza nguvu, sauti hupanda na grafu huwa ndefu: hiyo ni 2f(x). Akiongeza kasi mara mbili, mapigo husongamana na grafu hubanwa ikawa nusu: hiyo ni f(2x). Wanaodhani mbili ya ndani itainyoosha grafu wamesahau tena kwamba ndani ya mabano ni mlango wa muulizaji. Hatukukaa sana hapo. Anayetaka na aende Gishora asikie mwenyewe.

Mwenzetu mmoja, ambaye hoja zake huwa hatuzipuuzi, alitupinga kwa kusema kwamba watoto hawa tayari wanabebeshwa lugha nne, na kwamba kumwingiza mwalimu wa Kiswahili katika hesabu ni kuwaongezea mzigo, maadam mtihani hautaulizwa kwa Kiswahili. Twakubali nusu ya hoja hiyo. Hatudai mtihani ubadilishwe, wala hatuwezi kumfundisha mtu kukokotoa. Tunasema tu kwamba alasiri mbili zilitosha kuonyesha kuwa binti wa Muyinga alikuwa na fikra, na kwamba fikra hiyo isingejulikana kwa njia nyingine iliyokuwapo shuleni. Kama ni mzigo, ulibebwa na sisi.

Limebaki suala la istilahi, na hapa twawaomba wataalamu wa chama watusaidie, maana tumekwama. Katika vitabu vya hesabu vya Kiswahili kipeo ni ile namba ndogo iandikwayo juu ya nyingine, na kipeuo ni kinyume chake. Wengine hulitumia neno lile lile kipeo kwa ncha ya umbo. Kwa mwananchi wa kawaida, kipeo ni upeo, ni mwisho wa juu. Basi mwalimu hujikuta akisema kwamba kipeo cha parabola ya kipeo cha pili kiko chini kabisa, na wanafunzi hucheka kwa haki. Sisi kwa muda huu husema kilele panapokuwa juu na kitako panapokuwa chini. Ni maneno ya jikoni na mlimani, lakini hayajapata kumpoteza mtu.

Tunakusudia kurudia kipimo Septemba 30 ijayo, Gitega na Muyinga kwa wakati mmoja, kila nusu saa tangu saa moja hadi saa kumi na moja. Walimu wa Ngara na Kabanga wanaosoma taarifa hii twawaomba wajiunge nasi. Kijiti kiwe cha mita moja, kisimamishwe kwa timazi juu ya sakafu iliyo sawa, na kivuli kipimwe kutoka chini ya kijiti. Saa waiandike kama isomekavyo mikononi mwao upande ule, bila kuipunguza. Upunguzaji utafanywa na wanafunzi wa upande huu.